Nairobi hadi Mombasa kwa ndege: hewani ni dakika 45 tu, muda wako unaliwa chini

Wasee wa Nai mnaopanga kushuka Coasto, chekini hii kabla mtoe doh.

Kutoka JKIA hadi uwanja wa Moi, Mombasa, ni kama kilomita 420 hewani. Tiketi itaandika saa moja hivi, lakini kupaa kwenyewe ni kama dakika 45. Kaa dirishani upande wa kulia. Kukiwa hakuna mawingu unaiona Kilimanjaro live.

Sasa ongeza jam ya kufika Embakasi, foleni ya ukaguzi na kungoja begi. Kutoka keja hadi hoteli, weka masaa manne. SGR ni kama masaa matano, na hiyo ni treni pekee: bado hujafika Syokimau wala hujatoka Miritini.

Halafu, unalala wapi? Uwanja wa Moi uko upande wa Changamwe, so wa Nyali lazima avuke kisiwa chote. Wa Diani siku hizi anapita Dongo Kundu, anaruka feri ya Likoni, lakini bado ni mwendo. Huyo heri atafute ndege inayotua Ukunda. Hapo na Diani ni pua na mdomo.