Pemba Moja, Hesabu Mbili

Ndugu msomaji, kaa baraza yoyote ya Wete au Chake Chake, kauli hii utaisikia: "Pemba ni moja tangu zamani." Wako wanaoisema kwa kujisifu, na wako wanaoisema kwa kulaumu. Haya, tuzitazame kura zenyewe.

Julai 1963, miezi mitano kabla ya uhuru, Zanzibar ilipiga kura kujaza viti 31. ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote. Utasema imeshinda? Wapi! Ilipata viti 13 tu. ZNP, yaani Hizbu, ilipata 12, na ZPPP 6. Hizo mbili zikaungana, Mohammed Shamte wa ZPPP akawa Waziri Mkuu.

Imekuwaje? Unguja, ASP ilirundika kura nyingi majimboni mwake, ikachukua viti 11 kati ya 17. Pemba nako ilipigiwa zaidi ya kura 4 katika kila 10, lakini zilitawanyika, na wa pili hapewi kitu: viti 2 kati ya 14. Basi Pemba ndiyo iliyoipa nchi serikali, lakini Pemba yenyewe haikuwa moja. Uchungu wa wengi kushinda kwa kura wakashindwa kwa viti ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotangulia Mapinduzi ya Januari 12, 1964.

Vyama vingi vikarudi mwaka 1992. Oktoba 1995, CUF ikazoa majimbo yote 21 ya Pemba. Safari hii haikutosha: Unguja ilipata viti 3 tu, CCM ikawa na 26 kati ya 50. Kwenye urais, Salmin Amour alitangazwa kwa kura 165,271, Maalim Seif 163,706. Tofauti 1,565! Na kura hizo za Maalim zisingeweza kutoka Pemba peke yake. Maelfu ya Waunguja walimpigia, ila ramani ya viti haiwaonyeshi. Wala haiwaonyeshi Wapemba waliopigia CCM mwaka huo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mipaka ya majimbo ina mafundi wake. Sasa vijana wenzangu mnaoshika kalamu, mkitaka kuandika "Pemba ilisema" au "Unguja ilisema", kwanza nendeni jimbo kwa jimbo, muwahesabu na walioshindwa. Majirani wamenuniana miaka, wengine hata kuzikana wameacha, kwa sababu ya ramani ambayo nusu ya watu haimo.