Ratiba ya Mvua

Upepo wa kusi unaopita pwani yetu katikati ya mwaka ndio huohuo unaopeleka mvua kubwa India. Huko iko reli iitwayo Konkan, iliyokamilika mwaka 1998, ikipita baina ya milima na bahari kusini ya Mumbai. Reli hii ina ratiba ya kawaida na ratiba ya mvua. Ikifika Juni, mwendo wa treni hupunguzwa, na walinzi hutembea kwa miguu usiku na mchana wakitazama kama jiwe limeporomoka njiani. Juni 2003 treni iligonga mawe ya namna hiyo, wakafa watu zaidi ya 50. Wenzetu hawafanyi mzaha.

Basi nauliza, sisi tuliozaliwa Mbulu na Hanang, ratiba yetu ya mvua ni ipi?

Reli haikutufikia. Wajerumani walifikisha ya Tanga hadi Moshi mwaka 1911, na ile ya kati hadi Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaisogeza ya kaskazini mpaka Arusha mwaka 1929, ikaishia hapo. Sisi wa katikati tukaachiwa barabara itokayo Dodoma kwenda Arusha kupitia Kondoa na Babati. Tena Mbulu mjini, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na Katesh, chini ya Mlima Hanang, ziko kando ya barabara hiyo.

Halafu ikaja ngano. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima mashamba 7 makubwa huko Hanang, karibu eka 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, nao walifika mpaka mahakamani kuidai. Yalikuja matrekta na mashine za kuvunia za thamani kubwa, lakini lami ilifika Katesh mwanzoni mwa miaka ya 2010, mashamba yenyewe yakiwa yamekwisha kubinafsishwa. Mpangilio wa ajabu huo!

Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 nilisafiri kwa basi kutoka Arusha kwenda Katesh. Tulilala njiani siku mbili. Wanaume walikata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, akina mama wakawasha moto wa chai kwa kuni mbichi. Mzee mmoja wa Kiiraqw alikuwa na koleo lake mwenyewe, amelifunga kwa gunia. Yeye alikuwa na ratiba ya mvua.

Wala tusidhani reli ingetuokoa. Mvua hizohizo ziliikata reli ya kati upande wa Kilosa, na Desemba 2009 mafuriko yakaibomoa tena hukohuko, safari zikasimama kwa miezi.

Lami tunayo sasa. Lakini tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80, na barabara hiyo ya lami ikafunikwa, hata wanajeshi wakaja kusaidia kuzoa tope. Maji yalifuata makorongo ambayo kila mchungaji wa huko anayajua.

Konkan mlinzi hukagua mlima kabla treni haijapita. Je, Novemba, mvua zikiwa bado za rasharasha, nani hupanda kuyakagua makorongo ya Hanang?