Rula ya 1975 bado inapima ngozi yetu

Wasee, apu ikisoma selfi yako na kukupa alama za ngozi, uliza kitu kimoja: ilijifunzia ngozi ya nani?

Mwaka 1975 daktari wa Harvard, Thomas Fitzpatrick, alitafuta njia ya kujua mgonjwa apewe miale kiasi gani kwa matibabu ya ngozi. Aliwauliza: ukikaa juani unaungua, ama unashika rangi? Akapata makundi manne, yote ya watu weupe. Watu wa kahawia na weusi tuliongezwa baadaye, namba tano na sita. Yaani bara zima tumebanwa huko nyuma kama abiria wa mwisho kwa matatu.

AI imerithi hiyo rula. Mwaka 2022 watafiti wa Stanford walijaribu mifumo ya kutambua magonjwa ya ngozi kwa picha 656. Kwa ngozi nyeusi ilifanya vibaya zaidi. Walipoifundisha kwa picha za ngozi za kila aina, pengo likaziba. Hapo ndipo nakasirika: kumbe melanini haikuwa shida, picha zetu ndizo hazikuwepo.

Na hii si hadithi ya maabara tu. Ngozi nyeupe ikivimba huwa nyekundu. Yetu inaweza kuwa zambarau au nyeusi zaidi. Mashine inayotafuta wekundu inaweza kukwambia uko sawa na bado unaumia, ama iite rangi yako doa ikuuzie krimu ya kung'arisha.

Kwangu, kama wenye apu hawasemi ilifundishwa kwa nani, alama zake ni kelele tu. Ngozi ikisumbua, nenda kliniki.