Maji Yaliyofifisha Rangi: Nafasi ya Mwani katika Historia ya Furu wa Ziwa Victoria

Kwa mlaji wa Pasua mjini Moshi, Ziwa Victoria ni sangara na dagaa. Furu, samaki wadogo waliokuwa na mamia ya spishi ziwani humo, hutajwa kwa nadra. Kutoweka kwao huelezwa zaidi kupitia sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na kuongezeka mno katika miaka ya 1980. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi: sangara humla furu, ila hawezi kuzichanganya spishi zake.

Rutuba iliyosombwa kutoka mashambani na mijini ilistawisha mwani, na mwanga ukapungua chini ya maji. Mwaka 1997, Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionesha katika jarida la Science kwamba furu jike humchagua dume kwa rangi. Mwanga ulipobadilishwa maabarani hata wekundu na buluu visitofautishike, majike waliwakubali madume wa spishi nyingine. Spishi mojawapo, ambayo dume wake ni mwekundu, ni Pundamilia nyererei, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere. Kusini mwa ziwa, penye maji maangavu kama kisiwani Makobe, spishi hiyo na jirani yake wa buluu, Pundamilia pundamilia, zimebaki mbalimbali. Penye maji mazito kama Luanso, mpaka huo hauonekani.

Upotevu wa namna hii hauachi mizoga. Takwimu za uvuvi, zinazopima uzito wa furu wote kwa jumla, haziwezi kuuonesha.