Moto Peke Yake Hauendeshi Mashine

Mwaka 1845 William Thomson, kijana aliyekuwa ametoka tu kuhitimu Cambridge, alizunguka maduka ya vitabu ya Paris akiulizia kitabu cha Carnot. Wauzaji walimtolea maandishi ya Hippolyte Carnot, mwanasiasa. Yeye alimtaka Sadi, kaka yake Hippolyte, na Sadi hakuna aliyemjua. Kitabu chenyewe kilikuwa kimechapwa katika mji huohuo miaka 21 tu nyuma, nakala 600, kurasa 118, kwa gharama ya mwandishi. Kilizungumzia nguvu ya moto ya kuendesha mashine. Thomson, ambaye baadaye dunia ilimwita Lord Kelvin, aliondoka Paris mikono mitupu.

Ndani ya kurasa hizo mlikuwa na jambo ambalo watengenezaji wa injini walikuwa wamelishika mikononi kwa zaidi ya miaka 100 bila kulitambua: moto peke yake hauendeshi mashine. Panapokosekana baridi, hakuna kazi.

Mashine ya kwanza ya mvuke iliyofanya kazi ya maana ilisimamishwa mwaka 1712 karibu na Dudley, katikati ya Uingereza, na Thomas Newcomen, muuza vyuma wa Dartmouth. Migodi ya makaa ya mawe ilikuwa ikijaa maji, na farasi wa kuyavuta hawakutosha. Newcomen alijaza mvuke kwenye silinda kubwa chini ya pistoni, kisha akarusha maji baridi ndani ya silinda hiyohiyo. Mvuke uligeuka matone, ndani kukabaki karibu utupu, na uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini. Pistoni ilivuta boriti, nayo boriti ikavuta pampu. Mvuke wenyewe haukusukuma kitu. Kazi ilifanyika pale maji baridi yalipoingia.

Mashine hiyo ilikuwa mlafi wa kutisha. Katika kila sehemu 100 za joto la makaa, pengine sehemu moja tu au pungufu ndiyo iliyogeuka kazi. Ilistawi hasa kwenye migodi ya makaa yenyewe, ambako vipande vidogo visivyouzika vilikuwa vimelala chini kwa wingi.

Majira ya baridi ya mwaka 1763 kuingia 1764, James Watt, fundi wa vyombo vya sayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa mfano mdogo wa mashine ya Newcomen autengeneze. Aliona kwamba silinda ilipashwa moto na kupozwa upya kila pistoni ilipopanda na kushuka, na mvuke mwingi uliishia kuipasha moto silinda badala ya kufanya kazi. Mwaka 1765 akapata jibu: mvuke upelekwe kupozwa kwenye chombo kingine, ili silinda ibaki na joto lake daima na chombo hicho kibaki na ubaridi wake daima. Hataza aliipata mwaka 1769. Pamoja na mshirika wake Matthew Boulton, aliwatoza wenye migodi ya Cornwall theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa. Cornwall haina makaa; yalikuja kwa meli kutoka Wales, kwa hiyo kila gunia lilihesabiwa.

Hesabu hiyo ilikuwa na matunda. Hataza ya Watt ilipokwisha mwaka 1800, mafundi wa Cornwall waligeukia mvuke wa shinikizo kubwa, na kuanzia mwaka 1811 wakaanza kuchapisha ripoti ya kila mwezi ya kazi ambayo kila injini ilifanya kwa kiasi fulani cha makaa. Mtu yeyote aliweza kusoma nani amemshinda nani. Takwimu zilipanda mwaka hadi mwaka, na hapo likazuka swali ambalo fundi hawezi kulijibu kwa nyundo na tupa: kupanda huku kutakwisha wapi? Tukiacha maji tukachemsha pombe, au tukatumia hewa tupu, tutapata zaidi? Au upo ukuta mbele yetu?

Ajabu ni kwamba jibu halikutoka Uingereza. Lilitoka kwa Mfaransa ambaye hakuunda injini hata moja.

Sadi Carnot alizaliwa Paris tarehe 1 Juni 1796. Baba yake, Lazare, ndiye aliyeyapanga majeshi ya Mapinduzi ya Ufaransa. Alikuwa pia mwanahisabati aliyeandika juu ya mashine, na alimpa mwanawe jina la Saadi, mshairi wa Shiraz. Sadi aliingia École Polytechnique mwaka 1812 na kuwa ofisa mhandisi. Mwaka 1815 Napoleon akashindwa, Lazare akafukuzwa nchini, na jina la Carnot likawa mzigo jeshini. Kijana alipewa kazi ndogondogo za ngome, kisha akaenda likizo ya nusu mshahara, akakaa Paris akisoma. Aliamini kwamba Uingereza iliishinda Ufaransa kwa injini zaidi kuliko kwa mizinga, na ukisoma kurasa za mwanzo za kitabu chake unalisikia jeraha hilo la nchi.

Alichokifanya ni kuondoa kila kitu cha pembeni. Boriti, vali, aina ya makaa, hata maji, vyote akaviweka kando. Vikabaki viwili: mahali pa joto na mahali pa baridi. Joto, alisema, huzaa kazi pale tu linapotoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, kama maji yanavyozungusha gurudumu yanapoanguka kutoka juu kwenda chini. Baba yake alikuwa amechunguza magurudumu ya maji, na mwana akalichukua wazo hilo kulipeleka kwenye moto. Maji ya bwawa lililotulia, hata yawe mengi namna gani, hayasagi nafaka. Kinachosaga ni tofauti ya kimo. Kwa injini, kimo hicho ni tofauti ya halijoto.

Kisha akathibitisha kwamba ukuta upo. Chukua injini kamilifu, alisema, isiyopoteza tofauti yoyote ya joto bure. Injini hiyo inaweza kurudishwa nyuma: ukiipa kazi, inalichota joto kutoka kwenye baridi na kulirudisha kwenye joto. Sasa tuseme mtu ana injini bora kuliko hiyo. Ataitumia kuiendesha ya kwanza kinyumenyume, joto lote litarudi lilikotoka, na bado atabaki na kazi ya ziada mkononi, kila siku, bila kuchoma chochote. Jambo hilo haliwezekani. Basi hakuna injini inayoweza kuipita ile kamilifu, iwe ya mvuke, ya hewa au ya pombe. Kiwango cha juu kabisa kinaamuliwa na halijoto mbili tu, ya juu na ya chini. Mimi sijui hoja nyingine katika uhandisi iliyojengwa kwa vitu vichache hivi ikafunga mengi hivi.

Kitabu kilisahaulika. Mwaka 1832 kipindupindu kilimuua Sadi akiwa na miaka 36, na sehemu kubwa ya maandishi yake ikapotea pamoja na vitu vyake. Miaka miwili baadaye mhandisi Émile Clapeyron aliyaeleza mawazo yake kwa michoro na hesabu, na kupitia makala hiyo ndipo Thomson alipolisikia jina la Carnot. Kitabu chenyewe alikipata baadaye, na mwaka 1848 akatumia wazo la Carnot kujenga kipimo cha halijoto kisichotegemea zebaki wala gesi yoyote. Leo kipimo cha aina hiyo tunakihesabu kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi.

Lakini ndani ya hoja ya Carnot kulikuwa na ufa. Aliandika akifuata imani ya wakati wake kwamba joto ni kimiminika kisichopungua: kinashuka, kinafanya kazi, na kinafika chini kikiwa kamili. Mwaka 1847, mkutanoni Oxford, Thomson alimsikiliza James Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Salford, akieleza jinsi alivyopasha maji joto kwa kuyakoroga tu kwa makasia. Kwa Joule, kazi hugeuka joto na joto hugeuka kazi, na likishageuka, limekwenda. Thomson alihangaika. Akimkubali Joule, je, Carnot anaanguka?

Mjerumani Rudolf Clausius ndiye aliyefungua fundo hilo mwaka 1850. Wote wawili wako sahihi, alisema. Sehemu ya joto hugeuka kazi na kutoweka kama joto, kama Joule alivyosema. Sehemu iliyobaki lazima ishuke kwenye baridi, na hapo sheria ya Carnot inasimama. Hizo ndizo kanuni mbili za kwanza za thamodinamiki, sayansi ya joto na kazi. Hippolyte alipochapisha mabaki ya maandishi ya kaka yake mwaka 1878, ilionekana kwamba Sadi mwenyewe alikuwa ameacha imani ya kimiminika na kukokotoa joto kiasi gani lina thamani ya kazi kiasi gani. Inauma kuyasoma.

Kwa kanuni hizo hesabu ni fupi. Boila ikiwa nyuzi 100 na mahali pa kupozea nyuzi 30, kwa kipimo cha Kelvin ni 373 na 303. Tofauti yake, 70, ukiigawa kwa 373 hupati hata asilimia 19. Fundi awe hodari vipi, hapo hapiti. Pandisha mvuke hadi nyuzi 540, na ukuta unasogea hadi karibu asilimia 63. Hii ndiyo sababu historia yote iliyofuata ni ya kutafuta moto mkali zaidi na vyuma vya kuustahimili. Rudolf Diesel, aliyejifunza nadharia hii Munich, alitaka kwanza kuufuata mzunguko wa Carnot wenyewe. Haikuwezekana, lakini injini yake iliyopimwa Augsburg mwaka 1897 iligeuza kuwa kazi takriban asilimia 26 ya joto la mafuta, kiwango ambacho hakuna injini ya mvuke ya siku zile iliyokifikia.

Njia nyingine ni kulitumia joto kwa hatua mbili. Kituo cha umeme cha Kinyerezi II, Dar es Salaam, chenye megawati 240, kinachoma gesi asilia kwenye mitambo ya gesi. Hewa inayotoka humo bado ina moto mkali, na badala ya kuachwa ipotee angani inapitishwa kwenye boila, inachemsha maji, na mvuke wake unazungusha mitambo mingine. Joto moja linafanya kazi mara mbili kabla ya kufika kwenye baridi. Carnot aliliandika wazo hilo mwaka 1824, katika kurasa za mwisho za kitabu chake: hewa ya moto itumike kwanza, na ikishatumika isitupwe nje, bali izungushwe kwenye boila ya mvuke, kana kwamba imetoka moja kwa moja kwenye tanuri.