Seli Ziitwazo "Wauaji": Historia ya Istilahi

Mfasiri akutanapo na istilahi ya elimu ya kinga, mara nyingi hushika maana ya kamusi na kuiacha historia ya neno. Tumechagua mfano mmoja ili kuonyesha hasara ya desturi hiyo.

Mwaka 1975, huko Stockholm, Sweden, Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell walieleza habari za seli za kinga za panya zilizoua seli za saratani ya damu bila ya kuandaliwa kwanza kwa chanjo. Mwaka huo huo Ronald Herberman na wenzake walitangaza matokeo kama hayo nchini Marekani. Seli hizo zikapewa jina lenye maana ya "wauaji wa asili". Jina lilitaja tendo. Halikueleza jinsi seli hizo zinavyomtambua adui.

Katika tasnifu yake ya mwaka 1981, Klas Kärre alitoa wazo jipya: seli hizi hukagua kama alama ya wenyeji ipo. Karibu kila seli ya mwili hubeba juu ya utando wake protini za utambulisho. Seli ya uvimbe yaweza kuzipoteza na kuzikwepa seli nyingine za kinga, lakini ukosefu huo huo huifichua. Mwaka 1986, Kärre na wenzake walionyesha kwamba panya waliziangamiza seli za saratani zilizokosa protini hizo, hali zile zilizokuwa nazo zilikua.

Mwaka 1992, Wayne Yokoyama na wenzake walithibitisha kuwa kipokezi cha panya kiitwacho Ly49 huizuia seli isiue kigusanapo na protini za utambulisho. Mwaka 1999 ikabainika kwamba kipokezi NKG2D huichochea, kwa kushika protini zijitokezazo juu ya seli zenye dhiki, zikiwemo za uvimbe. Basi uamuzi wa kuua hutokana na mizani ya ishara mbili.

Twajifunza nini? Kwanza, "muuaji" katika Kiswahili ni mtenda jinai. Mgonjwa aambiwaye kwamba damu yake ina "seli wauaji" aweza kudhani kuwa ndizo maradhi yenyewe, kumbe ndizo mlinzi wake. Twapendekeza "seli angamizi asilia".

Pili, "kipokezi" pekee hakitoshi. Hatuna budi kutofautisha "kipokezi kizuizi" na "kipokezi kichochezi". Dawa ikikifunga cha kwanza, seli huachiliwa ifanye kazi. Ikikifunga cha pili, seli hupungukiwa na nguvu. Mfasiri akibadilisha kimoja kwa kingine, ameipindua tiba nzima.

Istilahi njema haina budi kueleza kazi ya kitu kama ijulikanavyo sasa, si mshangao wa waliokiona mara ya kwanza. Twawaomba walimu na wafasiri wayapime mapendekezo haya katika kazi zao.