Ulaya Mbili na Bunduki ya Tembo

Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi kwa barabara utapita mahali panapoitwa Ulaya. Si Ulaya ya London na Paris, bali Ulaya ya wakulima wa mahindi na mpunga. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya bunduki ya kumkabili tembo, nyati au simba: ni ipi inayofaa, na ni nani aliyeruhusiwa kuishika. Katika suala hili Ulaya hizo mbili zina historia moja.

Tuanze na Mwingereza Frederick Courteney Selous, aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na ambaye jina lake lilipewa pori la akiba mwaka 1922. Alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870, alitumia bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Risasi nne tu za bunduki hiyo zilitimia ratili moja, yaani kila moja ilikuwa na gramu 113 hivi. Siku moja bunduki iligoma kulia, msaidizi wake akashindilia tena juu ya baruti ya kwanza. Ilipolia, ilimrusha Selous chini na kumpasua shavu. Wakati ule uzito wa risasi ndio uliokuwa tegemeo, kwa sababu baruti nyeusi haikuwa na nguvu ya kuipeleka kwa kasi.

Baruti isiyotoa moshi ndiyo iliyobadili mambo. Mwaka 1898 John Rigby wa London alitoa risasi ya .450 yenye gramu 31 hivi, iendayo zaidi ya mita 600 kwa sekunde. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ikatoa .375, yenye gramu 19 hivi. Hiyo .375, sawa na milimita 9.5, ndiyo wawindaji wengi wanayoihesabu kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wakali.

Lakini kuna aliyewashangaza wote. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya .275, ambayo risasi yake ina gramu 11 tu. Siri yake ilikuwa elimu. Alipasua kichwa cha tembo ili aone ubongo umekaa wapi, kwa maana umejificha nyuma ya mifupa yenye matundu kama sega la nyuki. Tena alichagua risasi ngumu, iliyofunikwa chuma mpaka nchani, isiyopondeka njiani. Risasi yenye ncha laini, inayofumuka ndani ya mwili, inamfaa simba au chui. Kwa tembo huishia mifupani.

Kwa hiyo mambo ni matatu: uzito wa kutosha, risasi inayopenya, na mkono unaojua mahali pa kulenga. Likikosekana moja, mnyama hafi, anajeruhiwa. Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani akasubiri. Anayemkuta kesho yake huenda asiwe mpigaji, bali mama anayetafuta kuni au mtoto anayekwenda shule. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao.

Sasa turudi Kilosa. Njia za misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo zilipita katika nchi ya Usagara, na bunduki za gumegume zikaingia pamoja na misafara hiyo. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, lengo ambalo hakuna awezaye kulilaumu. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Bunduki za kisasa zilizuiwa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa serikali na wachache wenye vibali. Mwafrika aliweza kuruhusiwa gumegume na baruti ya kawaida. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, akatoa amri ya vibali vya uwindaji, na Waingereza nao wakaendeleza vibali.

Tazameni basi. Katika miaka ile ile ambayo mafundi wa London walikuwa wakitafuta risasi ya kumwangusha tembo kwa pigo moja, Ulaya ya ng'ambo iliamua kwamba Ulaya ya Kilosa ibaki na gobore. Na gobore, linaloshindiliwa goroli au vipande vya chuma, ndiyo silaha hodari kuliko zote kwa kumjeruhi mnyama mkubwa bila kumuua.

Sisemi kila mkulima apewe .375. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, ni mali yetu sote, na ujangili tumeuona ulivyomaliza tembo. Lakini tembo hasomi mpaka wa hifadhi. Kanuni za mwaka 2011 zinaweka kifuta jasho kwa aliyeharibiwa shamba na kifuta machozi kwa waliofiwa. Hayo ni malipo ya baada ya msiba.

Ninachosema ni kwamba anayemwambia mkulima aweke chini gobore lake ana deni. Deni lenyewe ni askari wa wanyamapori aliye karibu, mwenye bunduki inayostahili, risasi inayostahili na mafunzo, afike usiku ule ule anapoitwa. Akifika kesho yake, mwenye gobore atakuwa ameshafyatua, na nyati yuko kichakani.